Timu ya mtaa inafungwa kila msimu: tuilipie tena kiingilio au tuipumzishe?

#1 Mweka Hazina wa Ngamiani

Wadau wa Tanga na kwingineko, salaam.

Mimi ndiye ninayetunza daftari la michango ya timu ya vijana ya mtaa wetu, huku Ngamiani. Mashindano ya mchangani yanakaribia, fomu zimeshatoka, na kamati imegawanyika. Wapo wanaosema tulipe kiingilio kama miaka yote. Wapo wanaosema imetosha: vijana hawajawahi kuvuka makundi, na msimu uliopita walifungwa mpaka watoto wa mtaa wa pili wakawatungia wimbo. Wimbo wenyewe ni mtamu, ndiyo maana hauishi.

Wanaotaka tuache si watu wa hovyo. Wanapiga hesabu: kiingilio, nauli ya vijana kwenda na kurudi, jezi ambazo namba zinabanduka baada ya kufuliwa mara mbili, barafu, dawa ya kuchulia, na kitu kidogo cha mwalimu. Wanauliza hela hiyo imetuletea nini. Mimi niko upande wa kulipa, ila nikijibu "vijana wanapata uzoefu" kikao kizima kinacheka. Uzoefu wa kufungwa?

Basi nije na mfano ninaouamini. Tunapenda sana kumsimulia mkimbiaji wetu Filbert Bayi pale Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alitoka mbele tangu mlio wa bastola, hakumngoja mtu, akamaliza kwa 3:32.16, rekodi mpya ya dunia. Sisi tukifika hapo tunafunga hadithi. Lakini hebu mtazameni aliyefika nyuma yake, John Walker, mtoto wa New Zealand anayefungwa mbele ya watu wa kwao. Alikimbia 3:32.52. Rekodi ya zamani, ya Jim Ryun wa Marekani, ilikuwa 3:33.1. Kwa hiyo Walker naye aliipita rekodi ya dunia siku ileile, akaenda kulala akiwa mshindi wa pili.

Mei 1975 Bayi akavunja rekodi ya maili kule Kingston, Jamaica, kwa 3:51.0. Agosti mwaka huohuo Walker akaishusha mpaka 3:49.4 mjini Göteborg, Sweden, akawa binadamu wa kwanza kukimbia maili chini ya 3:50. Mwanariadha yule hakuchipuka usiku mmoja. Alikuwa ameshamfukuza Bayi, akajua kasi ile inauma wapi na inavumilika mpaka wapi.

Halafu ikaja Olimpiki ya Montreal 1976. Dunia nzima iliingoja 1500 ile. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, Kamati ya Olimpiki ikakataa kuifungia New Zealand, na nchi zaidi ya 20, nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zikasusia. Walker akachukua dhahabu kwa 3:39.17, mbio za mwendo wa pole kwa watu wa kiwango chao. Angekuwepo Bayi ingekuwaje? Watu wamebishana hadi leo na watabishana tena kesho. Christchurch ina jibu. Montreal haina.

Msimamo wangu ndio huo. Aliyeingia akafungwa ana jibu mkononi, hata kama ni chungu. Aliyebaki nyumbani ana maneno. Tukiiondoa timu mwaka huu, vijana wetu watakaa barazani wakisema "tungeingia tungewafunga", na hakuna atakayeweza kuwabishia.

Karibuni, ila bila matusi.

#2 Msemakweli wa Duga

Mgosi, umeandika vizuri ila umechanganya mchele na chuya. Huyo Walker alifungwa na mtu mmoja duniani. Vijana wenu wanafungwa sita bila na timu ya gereji.

Mimi nimekuwa nikipuliza filimbi mchangani kwa muda, nayajua haya. Kuna timu inakuja kucheza na kuna timu inakuja kuhesabiwa. Hiyo ya pili utaijua kabla mpira haujaanza. Wanafika saba, wanne wanaazimwa palepale uwanjani miongoni mwa watazamaji, mmoja anavaa jezi juu ya shati la shule. Kipa anauliza nani ana glovu. Wakishafungwa, kiongozi anapanda bodaboda huku akisema "asiyekubali kushindwa si mshindani". Msemo mzuri, lakini siku hizi umekuwa mwavuli wa wavivu. Ukitaka kukubali kushindwa, kwanza uwe umeshindana.

Kwa hiyo kabla hujaniletea Montreal, niambie: vijana wenu wanafanya mazoezi lini, na wangapi wanafika? Kama jibu ni "wakipata nafasi", hela hiyo kaleni mihogo.

#3 Mama Kipa

Nimesoma mpaka hapo kwenye kipa nikaona niandike, maana mwanangu ndiye kipa wa timu inayosemwa. Na ndiyo, glovu huazima.

Naomba niwaambie jambo ambalo ninyi wanaume wa kamati hamlioni kwa sababu mechi ikiisha mnakwenda kwenye kahawa. Siku ile ya zile sita alirudi nyumbani hakusema kitu. Akaoga, akala. Halafu akachukua kipande cha mkaa akakaa na mdogo wake uani, akachora goli sakafuni. Mlingoti huu, mlingoti huu. Akaanza kumweleza mdogo wake: la kwanza nilitoka mapema, la pili nilitazama mtu sikutazama mpira, la tatu lilimgonga beki, hilo si langu. La nne alilirudia mara mbili. Alikuwa anasogeza kifuniko cha soda kama ndiyo yeye, anakirudisha nyuma hatua moja, anatazama. Mdogo wake akamuuliza, "Sasa ungesimama wapi?" Akaweka kidole. "Hapa."

Mimi nilikuwa nakuna nazi, sikuingilia. Sijui mpira, lakini najua mtoto anayesoma nikimwona. Wiki nzima sakafu yangu ilikuwa na mkaa na sikuifuta.

Sasa nawauliza wenye kamati: mtoto hajaona aibu, ninyi mnaiona ya nini? Wimbo wa watoto wa mtaa wa pili mwanangu anauimba mwenyewe akifua soksi. Wanaokereka ni watu wazima wanaotaniwa kwenye kahawa. Kama ni hivyo semeni tu kwamba mnaona haya, msisingizie bei ya barafu.

#4 Jirani Mwema

Mama Kipa umemaliza uzi. Naweka mkeka hapa.

#5 Mzee wa Baraza

Assalaam aleikum vijana wangu. Nimesomewa huu uzi na mjukuu, nami namwambia aandike.

Kwanza, mweka hazina, usiiweke Montreal kwenye fungu moja na timu yenu. Mwaka 1976 nchi yetu haikukimbia kufungwa. Bayi alikuwa ndiye mwenye rekodi ya dunia ya mita 1500, tulikuwa na kila sababu ya kwenda. Tulikataa kwa ajili ya watu wa Afrika Kusini, na gharama yake aliibeba yule kijana mwenye miguu, si sisi tuliokaa redioni. Kususia kwa namna ile ni kushiriki katika jambo kubwa kuliko mbio. Ninyi mnataka kususia nini? Wimbo wa watoto?

Pili, mmemsahau mkimbiaji wetu John Stephen Akhwari, na mngeanza na huyo. Olimpiki ya Mexico City, Oktoba 1968, mbio za marathoni. Mji ule uko juu, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi. Walioanza walikuwa 75. Akhwari alianguka njiani, goti likateguka, bega likaumia, akafungwa bandeji akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani giza likishaingia, watu wengi wameshaondoka, kwa 3:25:27, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akajibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma kwenda kuzimaliza.

Hesabuni wenyewe hizo namba. 75 kutoa 57 ni 18. Mmoja wa hao 18 walioacha alikuwa Abebe Bikila, bingwa wa 1960 na 1964, maana naye alikuwa na maumivu. Simlaumu, mwili una mipaka yake. Lakini kitu ambacho wasimulizi wetu hukiruka ni hiki: Akhwari hakuwa mtu wa kuonewa huruma. Alikwenda Mexico kushindana. Miaka miwili baadaye, Edinburgh 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, alishika nafasi ya 5 katika marathoni. Tukimsimulia kama mlemavu wa bahati mbaya aliyejikokota tunamkosea heshima. Alikuwa mkimbiaji hodari aliyepatwa na siku mbaya, akaimaliza siku yenyewe.

Na la tatu, kisha nalala. Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki, zote za Moscow 1980. Bayi katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui katika mita 5000. Zote ni za fedha. Maana yake kila medali ya Olimpiki tuliyo nayo ililetwa na mtu aliyefungwa. Bayi siku ile aliongoza muda mrefu, Malinowski wa Poland akampata kwenye mzunguko wa mwisho. Yupo anayetaka tuzirudishe?

#6 Msemakweli wa Duga

Mzee wangu, shikamoo. Hapo kwenye Akhwari umenisaidia mimi kuliko ulivyomsaidia mgosi. Umesema mwenyewe, alikwenda kushindana. Alifanya mazoezi. Mimi sina ugomvi na mtu wa mwisho, nina ugomvi na mtu asiyejiandaa anayetaka apigiwe makofi ya Akhwari.

Na Mama Kipa, mwanao nampa heko. Huyo akija na glovu zake nampa kadi ya kudumu.

#7 Tulia Kwanza

Si Wagiriki wa kale ndio waliosema kushiriki ni muhimu kuliko kushinda? Mbona mnazunguka, kanuni ipo tangu zamani.

#8 Mwalimu wa Zamu

Hapana, Tulia Kwanza. Wagiriki wa kale walikuwa wakali kwelikweli. Olympia hakukuwa na zawadi ya mshindi wa pili wala wa tatu. Mmoja alivikwa taji la majani ya mzeituni, wengine wakarudi makwao kimyakimya. Wangeona medali za fedha za Mzee wa Baraza wangeshangaa.

Kauli yenyewe ni ya London, mwaka 1908. Askofu Ethelbert Talbot kutoka Pennsylvania, Marekani, alihubiri katika kanisa kuu la St Paul's wakati wa Olimpiki, na mwezi huohuo Pierre de Coubertin, mwanzilishi wa Olimpiki za kisasa, akaichukua akaieneza: jambo la maana si kushinda bali kushiriki. Tuikumbuke na hali iliyokuwepo. Michezo ile ilijaa ugomvi, Wamarekani na Waingereza wakivutana juu ya waamuzi karibu kila siku. Kwa hiyo kauli hii ilitolewa katikati ya watu waliokuwa tayari kushikana mashati. Haikutungwa kuwafariji wanyonge, ilitungwa kuwapoza wenye nguvu.

Na Olimpiki hizohizo ndizo za Dorando Pietri, Mwitaliano aliyeingia uwanjani wa kwanza katika marathoni akiwa amechoka kiasi cha kugeukia upande usio wake. Alianguka, akainuka, akaanguka tena, wasimamizi wakamsaidia mpaka utepe. Kwa kuwa alisaidiwa, akaondolewa, dhahabu akapewa Johnny Hayes wa Marekani. Kesho yake Malkia Alexandra akampa Pietri kikombe chake mwenyewe. Mwulizeni mwanafunzi yeyote wa historia ya michezo amtaje mtu mmoja wa marathoni ya 1908, mtasikia jina la nani.

Refa yetu wa Duga angemwondoa pia, na angekuwa sahihi. Sheria ni sheria.

#9 Msemakweli wa Duga

Ningemwondoa, halafu ningempelekea uji.

#10 Nahodha wa Bagamoyo

Nawaamkia wa Tanga kutoka Bagamoyo. Mpira siujui sana, mimi ni mtu wa ngalawa, na huku tukishindana wanaingia wengi na anashinda mmoja kama kwenu.

Mnaongelea kufungwa kama kitu kinachotokea mwishoni. Kwenye ngalawa kufungwa unaanza kukuona mapema sana. Kwenda, upepo ukiwa nyuma, vyombo vyote hufanana, kila mtu nahodha. Kazi iko kurudi, pale unapopiga bisho upepo ukikujia usoni. Hapo foromali, ule mti wa tanga, inalia, demani, kamba ya kuvutia tanga, inakukata viganja, mmoja amepanda kwenye matengo, zile mbao za ubavuni, upande wa upepo ili chombo kisilale, mwingine anakumba maji kwa kopo. Na aliye mbele ameshakuacha.

Lakini aliye nyuma ana kitu ambacho wa mbele hana. Anaona matanga ya wenzake. Nikiona tanga la mbele linajaa ghafla upande wa mkono wa kulia, najua pale pana upepo kabla haujanifikia. Nikiona limelegea na kupigapiga, najua pale pamekufa, napakwepa. Wa kwanza hana wa kumsoma, anakisia. Mimi nimeijua bahari ya mbele ya Bagamoyo kwa kukaa nyuma ya watu walionizidi. Baba mdogo alinikataza kubadilisha nahodha baada ya mashindano kadhaa ya kushika mkia, akasema huyo ndiye ameona matanga mengi kuliko wote.

Sasa mtu aliyekaa ufukweni naye anayaona matanga yote, tena vizuri zaidi. Tofauti ni kwamba yeye hana demani mkononi. Anaona upepo umehama lakini hana cha kuvuta.

Msemakweli, hapo kwenye maandalizi nakuunga mkono. Ngalawa inayovuja hatuipeleki mashindanoni, tunaiziba kwanza. Ila hatuichomi moto.

#11 Beki Mbili

Mimi ni mchezaji wa timu hiyo. Sina maneno mengi. Kufungwa kunauma siku ileile, kesho yake kunaisha. Kinachouma zaidi ni pale tukiwa nyuma mbili tu, mapumziko, halafu kiongozi wetu mwenyewe anatuambia "malizeni tu tuondoke". Ile mechi ndiyo tuliyofungwa sita. Nne ziliingia baada ya kuambiwa hivyo.

Mazoezi tunafanya. Tatizo mpira ni mmoja na valvu inavuja. Mnaweza kuja kuona.

#12 Mratibu wa Fomu

Naomba niingie kama mtu anayeandaa mashindano ya aina hii, ingawa si hayo ya kwao.

Wengi hawafikirii hesabu ya upande wetu. Nikiwa na timu 16 za mtoano, nina mechi 15, na kila mechi lazima itoe timu moja nje. Timu 15 zitafungwa, hakuna ujanja, hata ziwe zote hodari kiasi gani. Anayeingia mashindano akidhani kufungwa ni ajali hajafanya kutoa kwa vidole.

Na ng'ombe mnayemwona amefungwa pembeni siku ya fainali, amevalishwa kitambaa shingoni, katoka wapi? Mfadhili akipatikana ni heri, asipopatikana ni viingilio. Sehemu kubwa ya ng'ombe huyo imelipwa na timu zilizotoka mapema. Sisemi hivi kwa kejeli. Nikipata timu nane tu badala ya 16, zawadi inakuwa mbuzi, na kwa mbuzi timu nzuri haziji, na timu nzuri zisipokuja wachezaji wenu hawapati wa kupimana naye. Nimeona mashindano yakifa hivyo. Hayakufa kwa kukosa bingwa, bingwa hakosekani. Yalikufa kwa sababu timu za chini zilichoka moja moja.

Kwa hiyo waandaaji nasi tuna deni. Anayepanga droo ya makundi ya timu nne nne anampa mnyonge mechi tatu za uhakika. Anayepanga mtoano tangu siku ya kwanza anamla hela yake kwa dakika tisini, tena mchangani mara nyingi ni sitini. Kabla hujalipa, mweka hazina, uliza mfumo. Kama ni mtoano mtupu, nakushauri mtafute mashindano mengine.

#13 Mweka Hazina wa Ngamiani

Mratibu, hili ndilo nililokuwa sina. Nimeuliza jioni hii: ni makundi, timu nne kila kundi. Ahsante.

Beki Mbili, hiyo habari ya mapumziko sikuijua na nitaifikisha kikaoni bila kutaja nani kasema, ingawa wote tunajua nani kasema.

#14 Mwana Mkwakwani

Mnazungumza Tanga kutwa nzima hamjataja Coastal? Aibu.

Coastal Union imeanzishwa 1948, ubingwa wa ligi tuliuchukua 1988. Tangu hapo tunangoja. Msimu wa 2015/16 timu tatu za Tanga, Coastal, African Sports na Mgambo JKT, zilishuka daraja kwa pamoja. Jaribuni kufikiria mji mzima kubaki bila timu ya ligi kuu kwa mkupuo mmoja. Siku hizo kupita na jezi ya Coastal barabarani kulihitaji moyo. Coastal ikarudi 2018.

Ila mechi niliyotaka kuileta ni fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, tarehe 2 Julai 2022, Sheikh Amri Abeid, Arusha, dhidi ya Yanga. Yanga ile ilikuwa imetoka kutwaa ubingwa wa ligi. Nani alitupa nafasi? Mpira ukaisha 3-3, na mabao yote matatu ya Coastal yalifungwa na mtu mmoja, Abdul Suleiman, Sopu. Mabao matatu kwenye fainali, dhidi ya Yanga! Tukaenda penalti, tukafungwa 4-1. Kikombe kikaenda Jangwani, kwa Yanga.

Sopu alirudi bila kombe. Lakini usajili wa kipindi hichohicho Azam wakamchukua. Msiniambie wangemwona kwa namna ile kama Coastal ingekuwa imeridhika na kukwepa kupigwa. Na hata ukimweka Sopu pembeni, mimi fainali walizoshinda wengine siwezi kukusimulia dakika kwa dakika. Ile nakusimulia.

Nimeudhika tena. Penalti zile, jamani.

#15 Dada wa Raskazone

Mwana Mkwakwani pole, maji ya kunywa hayo.

Mimi niongeze nje ya mpira. Tanga hii ilikuwa na vikundi vya taarabu vikivutana, Black Star na Lucky Star, na nyuma zaidi kulikuwa na ngoma za beni, Marini na Arinoti, wakishindana kwa sare, kwa nyimbo, hata kwa karamu. Hakuna aliyeshinda moja kwa moja. Waliozidiwa leo walirudi wakiwa na wimbo mkali zaidi wa kujibu, na waliowazidi wakalazimika kutunga upya. Ukimwondoa mmoja, mwingine angebaki na wimbo uleule mpaka watu wangechoka. Vijana wenu wameshaimbiwa. Wao wimbo wao uko wapi?

#16 Beki Mbili

Upo. Hauandikiki hapa.

#17 Mama Kipa

Mwanangu asije akawa ndiye mtunzi!

#18 Mweka Hazina wa Ngamiani

Wadau, kikao kimefanyika jana baada ya magharibi, niwape yaliyojiri.

Tunalipa. Haikuwa rahisi, na wapo waliotoka wamenuna. Mjumbe mmoja alisema tunatupa hela baharini. Nikamsomea habari ya timu 15 za Mratibu, akasema sawa, lakini kwa nini kila mwaka tuwe sisi. Swali la haki. Ndipo tukaanza kuzungumza mpira badala ya kuzungumza aibu, na kikao kikawa kirefu kuliko vyote nilivyowahi kuhudhuria.

Tumekubaliana kiingilio kisilipwe mpaka mipira miwili inunuliwe kwanza. Kutakuwa na daftari la mahudhurio ya mazoezi, hilo ni la Msemakweli, nimewaambia limetoka kwake. Asiyefika mazoezini hachezi, hata awe mtoto wa mwenyekiti, na mwenyekiti ana watoto wawili humo. Kiongozi yeyote akitamka "malizeni tu tuondoke" anatoka kwenye benchi. Kuna aliyeinama wakati tunapitisha hilo.

Glovu za kipa zitanunuliwa. Mama Kipa, naomba namba ya mkono wake.

#19 Msemakweli wa Duga

Daftari nataka kuliona, si kulisikia. Nitapita Jumamosi asubuhi bila taarifa. Nikikuta saba, nitaandika hapa saba.

Na bado nasema mtafungwa.

#20 Mama Kipa

Ana mkono mkubwa, nunueni namba 9, msimletee za watoto. Na Mzee refa ukipita Jumamosi ujue mazoezi yanaanza saa kumi na mbili na nusu, siyo saa nne unayoamkia wewe.

#21 Nahodha wa Bagamoyo

Droo ikitoka iwekeni hapa tujue mko kundi gani.